Pampu Isiyo na Namba: Mjadala wa Petroli Kihonda

Ukitoka Msamvu kuelekea Dodoma, kabla hujaimaliza Kihonda umeshapita sheli kadhaa, kulia na kushoto. Zinatofautiana rangi, mabango na ukubwa wa paa. Kwenye pampu, nyingi zinasoma yaleyale: petroli na dizeli. Mteja anasema anataka ya shilingi ngapi, anafungua kifuniko cha tanki, anawekewa, anaondoka. Haulizwi oktani ngapi, kwa kuwa hakuna cha kuchagua.

Swali lenyewe, hata hivyo, limeshaingia mjini. Limeletwa na magari: Subaru zenye tabo, Mark X, Golf. Limeletwa pia na maduka ya vipuri yanayouza vichupa vya dawa ya kuongeza oktani. Mjadala ufuatao nimeupanga kwa sauti tano ambazo mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la gereji Kihonda atazitambua: Fundi; Kijana mwenye Subaru Forester ya tabo; Mama mfanyabiashara wa nafaka mwenye Toyota IST; Dereva wa Noah inayopeleka abiria Mgeta; na Mwalimu wa kemia. Majina nimeyaacha.

KIJANA: Fundi, shikamoo. Gari yangu ikipanda inakuwa nzito, na nikikanyaga mafuta ghafla nasikia mlio mkavu wa kugonga kule mbele. Nimesoma kwamba inataka petroli ya oktani ya juu. Naipata sheli gani hapa?

FUNDI: Marahaba. Hakuna sheli ya hivyo. Petroli ni petroli. Lete gari tuangalie plagi na koili, tuipime kwa kompyuta. Ninyi vijana mnapenda kuyasingizia mafuta.

KIJANA: Mbona jamaa yangu wa Nairobi anajaza petroli inayoitwa V-Power, gari yake kama hii, na haigongi?

MAMA: Subirini kwanza, wanangu. Hiyo oktani ndiyo nini? Kama kuna petroli bora kuliko ninayowekewa mimi kila siku, nataka nijue.

MWALIMU: Mama, usiiite bora. Iite yenye kustahimili. Ndani ya silinda, pistoni inaubana mchanganyiko wa hewa na petroli, kisha plagi inatoa cheche. Moto unatakiwa uanzie pale kwenye cheche usambae kwa mpangilio mpaka pembeni. Mchanganyiko ukibanwa mno na kupata joto mno, ule uliobaki pembeni unajiwakia wenyewe kabla moto haujaufikia. Shinikizo linaruka ghafla, na hapo ndipo unatoka mlio anaousikia huyu. Oktani ni kipimo cha uwezo wa petroli kubanwa bila kujiwakia. Kipimo hicho kilitungwa miaka ya 1920. Isooktani, inayostahimili sana, ilipewa 100. Heptani, inayojiwakia upesi, ilipewa 0. Petroli ya 95 inastahimili sawasawa na mchanganyiko wa isooktani asilimia 95 na heptani asilimia 5. Basi.

MAMA: Kwa hiyo ya 98 haina nguvu zaidi ya ya 91?

MWALIMU: Nishati iliyomo ndani ya lita ni karibu ileile. Injini iliyoundwa kwa 91 ukiipa 98 haioni tofauti yoyote ya maana. Injini iliyoundwa kwa 98 ukiipa 91, hiyo itaona.

Jibu hili la Mwalimu lingetosha kuzima nusu ya ubishi wa gereji zetu. Watu wengi wanaamini namba kubwa ni nguvu kubwa, kwa hiyo anayejaza petroli ya kawaida anajiona analinyima gari lake haki. Sivyo. Namba ya oktani ni makubaliano kati ya petroli na mbano wa injini husika. IST ya Mama ina injini ya Toyota ya familia ya NZ, ambayo Japani ilitengenezwa kwa petroli ya kawaida ya huko. Vitz nayo ni hivyohivyo, na Passo, na sehemu kubwa ya magari madogo yanayozunguka Morogoro.

FUNDI: Hayo ya Japani tunayajuaje sisi? Gari inashuka bandarini haina hata kitabu.

MWALIMU: Fungua kifuniko cha tanki.

Fundi akavuta kile kijiti chini ya kiti, kifuniko cha nje cha Forester kikafunguka. Upande wa ndani kuna kibandiko kidogo, pembe zimeanza kubanduka kwa vumbi na matone ya petroli, na juu yake mistari ya Kijapani. Magari mengi ya Japani yanacho. Watu wanakipita kila siku wanapojaza, na hata mafundi hawakitazami. Ukikipiga picha kwa simu na kukitafsiri, kinakwambia kitu kimoja tu: gari hili linywe petroli ya kawaida au ile ya juu, ambayo Wajapani wanaiita haioku. Cha Forester kilisoma haioku. Cha IST, Mama alipofungua la kwake, kilisoma ya kawaida.

KIJANA: Nilisema.

FUNDI: Umesema kweli kwa gari yako. Mimi najibu kwa magari ninayopokea, na mengi ni kama ya mama huyu.

MWALIMU: Na hapo ndipo namba zinapotuchanganya. Kiwango cha Japani kinataka petroli ya kawaida isipungue 89 na ya juu isipungue 96, kwa kipimo kinachoitwa RON. Ulaya kiwango cha chini cha kawaida ni 95 kwa kipimo hichohicho. Marekani wanachukua wastani wa vipimo viwili, RON na MON, kwa hiyo namba zao zinasomeka ndogo. 87 ya Marekani ni takribani 91 ya RON. Kijana akisoma ushauri wa Mmarekani kwamba Subaru ya tabo inataka 91, akadhani ni 91 ya RON, ameshakosea kwa pointi nne au tano.

KIJANA: Hilo sikulijua.

MAMA: Na Mark X ya shemeji yako, ile nyeusi?

FUNDI: Inategemea ni toleo gani, mama. Mark X za mwanzo, zile za namba GRX120, kule kwao zinawekewa haioku. Toleo lililofuata, la lita mbili na nusu, walilibadilisha likakubali ya kawaida. Ndiyo maana Mwalimu anasema afungue kifuniko asome, asiulize kijiweni.

Hapa Dereva wa Noah, aliyekuwa amekaa kimya akisubiri tairi lake lizibwe, akaingilia.

DEREVA: Mimi sina tabo wala haioku, ni Noah ya D4. Kila fundi niliyempelekea ananiambia D4 haitaki mafuta ya Morogoro. Nikiuliza inataka ya wapi, hawajui. Nikipanda Mgeta na abiria saba na magunia ya kabichi juu, inachemka na inakosa nguvu. Mwalimu, si na mimi nataka oktani ya juu?

MWALIMU: Kupanda kwenyewe kunakusaidia, kaka. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, silinda inapata hewa kidogo, mbano unapungua. Injini isiyo na tabo inahitaji oktani ndogo zaidi milimani kuliko tambarare. Afrika Kusini wameligeuza hilo kuwa biashara: Johannesburg, iliyo juu ya mita 1,700, petroli ya 93 inauzwa kwa wingi, wakati pwani watu wanategemea 95. Morogoro mjini tuko kama mita 500 tu, kwa hiyo tusijidanganye kwamba mlima unatuokoa. Lakini ukifika Nyandira, kule Mgeta, petroli uliyojaza Kihonda inakutosha zaidi kuliko ilivyokutosha Msamvu.

KIJANA: Na yangu?

MWALIMU: Yako ina tabo. Tabo inasukuma hewa kwa nguvu, inaziba pengo la mwinuko. Nafuu anayoipata Noah wewe huipati yote.

DEREVA: Sasa kinachoniua ni nini?

FUNDI: Mzigo, gia na joto. Unapanda na gia kubwa, mzunguko wa injini uko chini, umekanyaga mafuta mpaka mwisho. Hapo injini yoyote itagonga. Rudisha gia, acha izunguke. Na rejeta yako niliiona mwezi uliopita, nusu imeziba.

MWALIMU: Na hiyo D4, shida yake haiko kwenye oktani. Injini za kawaida zinanyunyizia petroli nyuma ya valvu, kwa hiyo petroli yenyewe inaziosha. D4 inanyunyizia moja kwa moja ndani ya silinda. Valvu hazioshwi, masizi yanaganda. Halafu pampu yake ya shinikizo kubwa inalainishwa na petroli hiyohiyo inayopita ndani yake. Kwa hiyo D4 inaumia kwa uchafu, maji na mafuta yaliyochanganywa. Ukiipa petroli ya 100 yenye uchafu itaharibika vilevile.

Nilitaka sana tufike hapa. Kwa miaka mingi mafundi wetu wamekuwa wakisema "mafuta mabaya", na wamekuwa sahihi kuliko walivyoweza kueleza. Mafuta ya taa yana oktani ya chini mno. Anayeyamwaga kwenye tangi la petroli la sheli anaishusha oktani ya petroli yote, na mteja hana jicho la kuona. Uchakachuaji ulikuwa janga la nchi nzima, na chanzo chake kilikuwa kodi: mafuta ya taa yalitozwa kidogo kwa kuwa ni ya wanyonge, wajanja wakaona faida ya kuyachanganya na dizeli na petroli. Mwaka 2010 serikali ikaanza kuweka vinasaba kwenye mafuta ya soko la ndani ili wakaguzi wayatambue yaliyochanganywa. Katika bajeti ya 2011/12 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa sana ili kuiua faida ile. Wanyonge wa koroboi waliumia, hilo lisisahaulike. Lakini injini zilipata nafuu.

MAMA: Kwa hiyo nikiambiwa sheli hii ina vinasaba, ndiyo oktani hiyo?

MWALIMU: Hapana, mama. Kinasaba kinamwambia mkaguzi kwamba mafuta haya yalilipiwa kodi na hayajachanganywa. Hakimwambii ni 91 au 95. Kiwango cha Shirika la Viwango, TBS, ndicho chenye kipimo cha oktani ndani yake, kinapimwa maabara.

KIJANA: Basi niambieni kampuni gani ina petroli nzuri. Watu wanasema ile ya bango fulani inakwenda mbali kuliko nyingine.

FUNDI: Hata mimi nina sheli yangu ninayoiamini.

MWALIMU: Kuiamini sheli ni sawa, kama unaamini matangi yake ni safi na mwenyewe haibi. Lakini petroli yenyewe? Nchi hii haisafishi mafuta ghafi tena. TIPER pale Kigamboni iliacha kusafisha mwaka 1999, sasa ni matangi ya kuhifadhia. Petroli inaagizwa kwa mfumo wa pamoja, meli moja inagawiwa kampuni nyingi. Lori la bango jekundu na lori la bango la kijani yanaweza kuwa yamepakia Dar es Salaam siku moja, petroli ya meli moja. Kampuni inaweza kuongeza dawa zake za kusafishia nozeli, na hizo zina faida. Ila dawa ya kusafisha si oktani. Jamaa wa Nairobi amwulize muuzaji wake namba, si jina.

Kuhusu vichupa vya kuongeza oktani, maneno ni machache. Mama aliuliza kama vinafaa, Fundi akasema huvinunua wanaovitaka, Mwalimu akaeleza kwamba tangazo la "kupandisha pointi tano" mara nyingi linamaanisha sehemu za kumi za pointi, yaani nusu ya namba moja. Mwenye IST asitoe hata senti. Mwenye Subaru ya tabo asikitegemee kichupa kumpeleka kutoka 91 hadi 96, hakimfikishi.

Ubishi ulirudi kwa nguvu Dereva alipokumbuka enzi za zamani.

DEREVA: Baba yangu aliendesha malori ya petroli enzi zile. Anasema petroli ya zamani ilikuwa na nguvu, injini haikugonga.

MWALIMU: Ilikuwa na risasi. Thomas Midgley wa Marekani aligundua mwaka 1921 kwamba ukitia kiungo chenye risasi, injini inaacha kugonga. Dunia nzima ikakitumia. Kikapandisha oktani kwa bei rahisi, na kikaingia kwenye damu za watoto waliokaa kando ya barabara, kikadumaza akili zao. Afrika kusini mwa Sahara iliachana nacho kufikia mwanzo wa 2006. Algeria, nchi ya mwisho duniani, iliacha kukiuza mwaka 2021. Miaka 100 kamili. Nguvu ile baba yako aliyoisifu tuliilipia kwa watoto.

MAMA: Bora injini igonge.

MWALIMU: Na hatuhitaji risasi. Spiriti ya miwa ina oktani inayozidi 100, na mkoa huu unalima miwa Kilombero na Mtibwa. Malawi wanachanganya spiriti ya miwa kwenye petroli tangu mwaka 1982.

Hoja hiyo ilipita haraka pale gerejini, lakini naiona nzito. Mkoa wenye viwanda vya sukari unajadili namna ya kupata oktani kana kwamba ni kitu kinachotoka ng'ambo tu. Wanaopanga nishati ya nchi waliangalie jambo hili.

Kuna petroli nyingine ambayo hakuna aliyeitaja mpaka kijana wa bodaboda aliposimama kununua mpira wa breki. Ni ile ya chupa, inayouzwa mezani kwenye vitongoji visivyo na sheli. Pikipiki yake haina shida na oktani. Injini ndogo kama zile hazina mbano mkubwa. Shida ni kwamba petroli iliyokaa juani kwenye chupa ya plastiki inapoteza sehemu yake nyepesi, ile inayowasha injini asubuhi, na hakuna ajuaye imechanganywa na nini. Na ni moto. Mtu wa Morogoro hahitaji kuelezwa hilo. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka karibu na Msamvu, watu wakakusanyika kuchota petroli, likalipuka. Waliofariki walizidi 100. Petroli haifai kukaa uvunguni wala jirani na jiko, na nawaomba wanaoiuza kwa chupa walifikirie upya jambo hilo.

KIJANA: Sasa hukumu yangu ni ipi? Niuze gari?

FUNDI: Usiuze. Kwanza tuhakikishe ni mafuta kweli. Plagi zikiwa si za saizi yake, injini itagonga. Masizi yakijaa kwenye silinda, itagonga. Rejeta ikiziba, itagonga. Sensa inayosikiliza mlio huo ikifa, kompyuta haitajua kurudisha cheche nyuma, na hapo pistoni zinatoboka.

MWALIMU: Na ikiwa nzima, sensa hiyo ndiyo inayoifanya gari yako iwe nzito. Inasikia mlio, kompyuta inachelewesha cheche, nguvu inapungua, unywaji unaongezeka. Gari inajilinda. Kwa hiyo usiikanyage ghafla ukiwa na gia kubwa, usiivutishe mzigo kwenye joto la Januari, na usiiongezee shinikizo la tabo kama vijana wenzako wanavyofanya.

KIJANA: Niendeshe Subaru kama IST?

MAMA: Mwanangu, ulinunua gari kabla ya kufungua kifuniko.

Nasema wazi niko upande wa Mama. Oktani unaichagua siku ya kununua gari. Ukifika sheli umeshachelewa, kwa kuwa pale pampu ni moja. Anayeagiza gari Japani au anayezunguka yadi za Dar es Salaam anauliza kilomita, rangi, ajali na hali ya siti. Aongeze swali moja: hili linakunywa ya kawaida au haioku? Kwa mtu anayeishi Kihonda na kujaza mafuta barabara ya Dodoma, gari la petroli ya kawaida ndilo gari sahihi. Mwenye la haioku aendeshe kwa adabu, adai risiti ya EFD kila anapojaza ili akipata mafuta mabaya awe na ushahidi, na asilaumu kila kitu kwa petroli kabla Fundi hajaangalia plagi.

Lakini simwachii mnunuzi mzigo wote. Fundi alikosea aliposema petroli ni petroli, na hakukosea peke yake: mfumo mzima unazungumza hivyo. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati, hutangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, mji kwa mji, na kwenye jedwali petroli ina safu moja isiyo na namba. Tangu mwaka 1979 sheria ya Marekani inataka pampu ibandikwe namba ya oktani, na kibandiko chake cha njano anakijua kila dereva wa huko. Afrika Kusini mteja anataja 93 au 95 kabla ya kufungua tanki. Sisi, lita ilipozidi shilingi 3,000 mwishoni mwa 2023, tulilipa bila kujua tumeuziwa ya ngapi. Huko ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Sidai tuletewe aina tatu za petroli kesho. Mama mwenye IST hazihitaji, na matangi ya sheli ndogo hayatoshi. Ninachodai hakihitaji tangi jipya wala meli nyingine: namba ya petroli iliyopimwa maabara iandikwe kwenye pampu, na iandikwe kwenye risiti. EWURA na TBS wana mamlaka ya kuagiza hivyo. Waagize.